Kundi letu la mafundi limegeuka uwanja wa matusi, nifanye nini?

SWALI

"Ninasimamia kundi la WhatsApp la mafundi wa sola na umeme wa majumbani. Tulianza wachache tuliosoma pamoja, sasa tumevuka mia tatu, wengi wako Mwanza, Geita na Shinyanga, na wengine Kisumu na Migori upande wa Kenya. Mwezi uliopita kijana mmoja aliuliza kama anaweza kuunga betri mpya ya lithiamu sambamba na betri za jeli za zamani za mteja. Mzee mmoja, fundi anayeheshimika sana na ndiye aliyenifundisha kazi mimi, akamjibu kwamba yeye ni kishoka, yaani mtu anayejifanya fundi bila leseni wala ujuzi, arudi shule kabla hajaua watu. Kijana akajibu kwa hasira, wengine wakaingia. Ikawa wenye leseni na wasio nayo, kisha Watanzania na Wakenya. Hadi asubuhi kulikuwa na ujumbe zaidi ya mia mbili na swali halijajibiwa. Dada watatu kati ya wachache tulionao wametoka kimya kimya. Wapo wanaoniambia nifunge kundi, waandike wasimamizi tu. Wapo wanaotaka nimtoe mzee. Mwenyewe anasema umeme unaua, na kwenye mambo ya kuua watu hawabembelezani. Sijui nianzie wapi."

JIBU

Pole sana, ndugu yangu. Kusimamia kundi la watu mia tatu ni kazi isiyo na mshahara, na siku mambo yakiharibika lawama zote zinakuangukia wewe. Ninavyokuelewa, una hofu tatu zilizofungamana. Unaogopa kundi litakufa. Unaogopa kumvunjia heshima mtu aliyekupa kazi inayokulisha. Na moyoni huna uhakika kama mzee hasemi kweli, kwamba kazi ya umeme haiendi bila ukali. Nitazigusa zote, lakini kwanza tufanye kile ambacho usiku ule hakikufanyika, yaani kumjibu kijana.

Jibu ni hapana, asiunge. Betri ya lithiamu ya aina ya LiFePO4 ya mfumo wa volti 12, ikijaa na kutulia, husimama karibu na volti 13.3. Ya jeli iliyojaa hutulia karibu na 12.8. Ukiziunga sambamba unazilazimisha ziwe na volti moja, kwa hiyo lithiamu inaimwagia jeli umeme na kubeba mzigo wa nyumba karibu peke yake. Tena kila moja inataka kuchajiwa kwa namna yake, na kontrola moja, yaani kifaa kinachodhibiti umeme wa paneli unaochaji betri, haiwezi kuziridhisha zote mbili. Mteja akitaka kuongeza uwezo, ama abadilishe jeli zote kwa mpigo, ama ahamie lithiamu kabisa na kontrola ipangwe upya, ama awe na mifumo miwili, kila mmoja na paneli na kontrola yake.

Hiyo ni aya moja. Mzee alikuwa sahihi kuhusu betri, hakukosea kitu cha kiufundi hata kimoja. Na bado, baada ya ujumbe mia mbili, hakuna fundi aliyeelezwa ni kwa nini. Yawezekana kijana alikwenda saiti kesho yake akaunga vilevile, kwa sababu alichoambiwa ni yeye ni mtu wa namna gani, hakuambiwa betri zitafanya nini.

Hapo ndipo ninapotaka uangalie. Kundi la kitaalamu lenye afya si lile lililo kimya, wala si lile lenye mabingwa wengi. Ni lile ambalo fundi asiyejua jambo anaweza kuuliza akiwa saiti, kabla hajashika waya. Usiku ule waliogombana walikuwa wachache, lakini mia tatu walikuwa wanasoma, na wengi wao walijifunza kwamba kuuliza kuna gharama. Fundi aliyejifunza hivyo hatakoma kufanya kazi. Atakoma kuuliza tu.

Sasa tuje kwa wanaokushauri kwamba una watu wabaya wawili watatu na ukiwatoa kundi litapona. Mara nyingi si hivyo. Mwaka 2017 watafiti wa vyuo vikuu vya Stanford na Cornell, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio lao. Waliwapa watu mtihani, wengine mwepesi, wengine mgumu wa kuwaharibia siku, kisha wakawapeleka kwenye mjadala wa mtandaoni. Kati ya waliofika na moyo uliotulia na kukuta mjadala safi, asilimia 35 waliandika maneno ya uchokozi. Kati ya waliofika wamechukizwa na kukuta matusi yametangulia, ilikuwa asilimia 68. Walikuwa watu wa kawaida tu, hawakuchaguliwa kwa ukorofi wao. Hali yao ya moyo na maneno waliyoyakuta mbele yao ndiyo yaliyofanya tofauti.

Fikiria basi siku ya fundi. Ameshinda juu ya bati kwenye jua, mteja amelipa nusu, inveta aliyofunga wiki iliyopita imerudishwa, na nauli ya kurudi imetoka mfukoni mwake. Saa mbili usiku anafungua simu na kitu cha kwanza anachokutana nacho ni "kishoka wewe". Usishangae moto unaposhika.

Maandishi yenyewe nayo yana udhaifu ambao watu hawaujui. Mwaka 2005 Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao walichapisha utafiti ambamo watu walituma barua pepe zenye kauli za dhati na za kejeli. Watumaji waliamini wasomaji wangetambua ipi ni ipi kwa asilimia 78. Wasomaji waliweza asilimia 56, karibu sawa na kubahatisha. Ukiandika, unaisikia sauti yako mwenyewe kichwani: unajua ulikuwa unatania, au ulikuwa umechoka tu. Anayesoma hana sauti hiyo. Anaweka ya kwake, na akiwa na hasira anaweka ya hasira.

Kwenu hili linaongezwa nguvu na mpaka. Fundi wa Kisumu akiandika "leta picha ya hiyo kontrola", kwake ni maneno ya kawaida ya kazi. Fundi wa Shinyanga aliyelelewa kwenye "samahani kaka, naomba unisaidie picha" anaweza kuisoma kama amri ya bosi. Na Mkenya naye akisoma salamu na samahani za mistari mitatu kabla ya swali, anaweza kudhani mwenzake anazunguka kwa sababu hajui kazi. Hakuna aliyemkosea mwenzake. Ila ugomvi ukishaanza, tofauti hizi ndizo zinazookotwa na kufanywa silaha, ndiyo maana mjadala wa betri ukaishia kwenye utaifa. Waambie wanachama jambo hili waziwazi siku ambayo hakuna ugomvi. Nimeona makundi yakipumua baada ya kuambiwa tu kwamba mwenzako hakudharau, huko kwao ndivyo wanavyosema.

Kuna jambo la tatu, na hili nalipa uzito kuliko yote. Jina la fundi ndilo duka lake. Ndani ya kundi lako wamo wanaopeana kazi, wanaopendekezana kwa wateja, pengine na wakandarasi wanaosoma bila kuandika. Kumwita mtu kishoka mbele ya wote hao ni kugusa mkate wake. Hawezi kunyamaza, maana kunyamaza ni kukubali. Ndiyo sababu kijana alijibu, na ndiyo sababu hata fundi mpole kuliko wote angejibu. Maneno yale yale yangesemwa faraghani, angekasirika dakika kumi, kisha angeuliza, "Sasa mzee, nifanyeje?"

Niende kwenye hoja ya mzee, kwa sababu ni nzito na inastahili jibu la heshima. Umeme unaua kweli. Lakini kazi nyingine zinazoua zimefika mahali tofauti na alipofika yeye. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wa ndege wa Tenerife katika Visiwa vya Kanari, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747 ziligongana kwenye njia ya kurukia, watu 583 wakafa. Rubani mkuu wa ndege ya KLM, shirika la ndege la Uholanzi, alikuwa mkufunzi wa kuheshimika katika shirika lake. Alipoanza kuruka, fundi mitambo aliyekuwa naye chumbani mwa marubani aliuliza kama ile ndege nyingine kweli imeshatoka njiani. Rubani akajibu kwa uhakika kwamba imetoka. Fundi hakusisitiza, na ndege haikuwa imetoka. Ajali hiyo ilikuwa na sababu nyingi, ukungu na mawasiliano ya redio yaliyopishana zikiwemo, lakini somo moja liliingia kabisa katika mafunzo ya marubani miaka iliyofuata: mdogo afundishwe kusema wasiwasi wake, na mkubwa afundishwe kuupokea. Walifika hapo kwa sababu ya maiti, wala si kwa ajili ya kupeana adabu nzuri.

Kwa hiyo ukikaa na mzee, usimwambie ukali wake ni tabia mbaya. Mwambie unafanya kazi iwe ya hatari zaidi. Hoja hiyo ataisikia, kwa sababu ndiyo anayoijali.

Na iwapo atasema ulaini utashusha kiwango, mtajie Linux, mfumo unaoendesha sehemu kubwa ya seva za dunia na ulio ndani ya kila simu ya Android. Linus Torvalds aliuanzisha mwaka 1991, na kwa miaka mingi alijulikana kwa barua kali alizowaandikia wachangiaji. Septemba 2018 aliomba radhi hadharani kwa namna alivyokuwa akiwashambulia watu, akakaa pembeni kwa wiki kadhaa, na mradi ukapitisha kanuni mpya za mwenendo. Kazi mbovu inaendelea kukataliwa pale hadi leo. Inakataliwa kwa sababu ni mbovu, na aliyeileta anaambiwa kasoro iko wapi.

Je, ufunge kundi, waandike wasimamizi tu? Kwa usiku mmoja au siku mbili, ndiyo, na ningekushauri ulifanye saa ile ile ujumbe unapoanza kumiminika. WhatsApp inakuruhusu kubadilisha hilo kwenye mipangilio ya kundi kwa kugusa mara chache. Andika kabla ya kufunga: "Ndugu zangu, nafunga hadi kesho saa moja asubuhi. Swali la betri nimelishika, litajibiwa." Hasira nyingi za usiku hazifiki asubuhi. Lakini kulifunga moja kwa moja ni kuliua kwa mkono wako. Fundi aliye juu ya paa Misungwi hatasubiri msimamizi aamke. Ataanzisha kundi lake, na ugomvi utahamia huko pasipo mtu wa kuutuliza.

Kumtoa mzee nako nakuomba usianze nako. Najua wapo watakaosema unamlinda kwa sababu ni mwalimu wako, na wana haki ya kuuliza. Ila mtu mwenye ujuzi wa namna ile akitoka anaondoka na majibu ambayo kundi haliwezi kuyapata kwingine, na waliomzoea watamfuata. Jambo lililo wazi ni kwamba hajaambiwa kamwe, na mtu anayemheshimu, kwamba amevuka mpaka. Aambiwe kwanza.

Usimwambie kwenye kundi, na usimwambie kwa maandishi. Nenda umwone. Kama kuna fundi wa rika lake mnayeelewana naye, nenda naye, maana neno la mwenzake litakaa vizuri kuliko la mwanafunzi wake. Anza na shikamoo yako, muulize habari za kazi, kisha sema jambo lenyewe bila kuzunguka sana. Unaweza kusema hivi: "Mzee, ulichosema kuhusu betri kilikuwa kweli. Lakini yule kijana hajui hadi leo kwa nini. Na tangu siku ile maswali yamepungua. Naogopa watu wanakwenda kuunga vitu bila kuuliza. Nakuomba mambo mawili. Ukiona jibu la hatari, lizuie kwa nguvu zako zote, ila useme kasoro ya kazi, umwache mtu. Na ukiwa umechoka kujibu, niachie mimi." Halafu msikilize, kwa sababu ana lake.

Lake nadhani nalijua, na lina haki ndani yake. Wazee wa kazi huchoka kwa maswali ya nusu mstari. "Inveta inapiga kelele, tatizo nini?" Inveta gani, ya ukubwa gani, betri ina volti ngapi, kelele inaanza baada ya nini, hakuna. Mtu wa kwanza anauliza, wa pili anauliza, wa kumi anakosa uvumilivu. Sehemu kubwa ya lugha mbaya kwenye makundi ya ufundi inazaliwa hapa, kwenye swali lisilojibika, na ukitibu maswali utakuwa umetibu nusu ya ugomvi bila kumkemea mtu.

Wekeni basi namna moja ya kuuliza, na mwanachama mpya aikute siku anayoingia. Aseme yuko kwenye kazi gani na anataka kufikia nini. Ataje vifaa kwa jina na ukubwa, paneli ngapi za wati ngapi, betri za aina gani na za umri gani, nyaya za unene gani. Atoe vipimo alivyosoma kwenye mita, mzigo ukiwa umewashwa na ukiwa umezimwa. Atume picha zinazoonekana, siyo za gizani. Aseme alichokwisha jaribu. Asiyekuwa na mita aseme hana, wala si aibu. Swali likija pungufu, mtu yeyote ajibu kwa mstari mmoja wa upole: "Kaka, tupe volti za betri na picha ya kontrola tukusaidie." Baada ya wiki chache utaona wanachama wanakumbushana wenyewe.

Maswali yanayojirudia yatafutiwe makao. Majibu mazuri yanakiliwa kwenye faili moja, kiungo chake kinawekwa kwenye maelezo ya kundi. Ningeanza na kuchanganya betri, unene wa nyaya kwa umbali, na mahali pa kuweka fyuzi. Ukimpa mzee kazi ya kukagua faili hilo, na majibu aliyoyapitisha yakabeba jina lake, umempa ukubwa wa kweli ambao hauhitaji kumdhalilisha mtu ili uonekane.

Kuhusu jibu la hatari lenyewe, hapa sitaki ulegee hata kidogo. Fundi akishauri kitu kinachoweza kuchoma nyumba, akanushwe hadharani na upesi, kwa sababu waliousoma ushauri ule ni wengi na wengine wako saiti. Ukanushaji mzuri una sura hii: "SIMAMA, usiunge hivyo. Waya wa milimita za mraba 2.5 hautabeba mkondo wa betri kwenda kwenye inveta hiyo, utapata joto na kuyeyuka. Tunahitaji waya mnene zaidi na fyuzi karibu na betri. Tuma umbali tukupigie hesabu." Ni mkali huo. Una amri, una sababu, una njia ya kutokea, na hauna tusi. Ukimwonyesha mzee mfano kama huu, mwombe akuambie ni hatari gani imepungua kutajwa humo kwa kukosa neno kishoka.

Kanuni za kundi ziwe chache kiasi cha kukumbukwa kichwani. Kosoa kazi, usimguse mtu, kabila lake, nchi yake, jinsia yake wala leseni yake. Uliza kwa ukamilifu. Usisambaze nje yaliyosemwa humu wala picha za nyumba ya mteja bila ruhusa. Usimwandikie mtu inboksi kabla hujamwomba. Siasa, Simba na Yanga, na matangazo ya biashara ziwe na kundi lao jingine, hilo halihitaji mjadala mrefu. Ziweke kwenye maelezo ya kundi, na uzibandike juu kama ujumbe mara kwa mara, kwani ubandikaji wa WhatsApp haudumu zaidi ya siku 30. Watu wengi hudhani kanuni huwatisha wageni. Utafiti wa J. Nathan Matias uliochapishwa mwaka 2019, uliopima mijadala 2,190 ya sayansi kwenye mtandao wa Reddit, ulionyesha kinyume. Kanuni zilipowekwa juu ya mjadala, wageni waliozifuata waliongezeka kwa zaidi ya pointi 8 za asilimia, na wageni waliochangia waliongezeka kwa wastani wa asilimia 70. Watu huthubutu kusema wanapojua mipaka iko wapi.

Kanuni hizo zitaishi au kufa siku ya kwanza zitakapomgusa mkubwa. Baada ya mazungumzo yenu, mzee akitukana tena, futa ujumbe wake kama ungefuta wa mwingine, kwani msimamizi anaweza kuufutia kundi zima. Kisha mpigie simu umweleze, usimwache agundue mwenyewe. Ikirudiwa, atoke kwa wiki mbili kama ambavyo mwingine angetoka, na mlango ubaki wazi. Najua litakuuma. Lakini ukimsamehe yeye na kumtoa kijana kwa kosa lile lile, kila mtu atajua kanuni ni za wadogo, na hutaweza kumkemea yeyote tena.

Kijana naye usimsahau. Aliumizwa, na naye akaumiza. Mpigie, mpe jibu la betri kwa ukamilifu, muulize kama alishaunga na kama mfumo wa mteja uko salama. Halafu mwambie bila kuficha kwamba maneno aliyomrudishia mzee hayakubaliki pia. Wakipatana faraghani, inatosha. Usiwalazimishe kuombana radhi mbele ya watu mia tatu, maana radhi ya namna hiyo mara nyingi hufungua upya kidonda.

Dada waliotoka nawatilia mkazo. Hawakutukanwa wao usiku ule, au hukuniambia kama walitukanwa, lakini waliona kinachoruhusiwa. Mwombe fundi mwanamke unayemwamini azungumze nao, na kimojawapo cha kuulizwa ni kama wanachama walikuwa wanawaandikia inboksi mambo yasiyo ya kazi. Katika makundi mengi ya ufundi hiyo ndiyo sababu ya kweli, na msimamizi huwa wa mwisho kuijua. Usiwaombe warudi mara moja. Rekebisha kwanza, warudi wakiwa na cha kukiona.

Sasa, yapo mambo ambayo hayamalizwi na msimamizi wa kundi, na usijaribu kuyabeba. Mtu akitishia kumdhuru mwenzake, akimsumbua mwanamke kwa maneno ya ngono, akisambaza picha za mtu za faragha, au akichochea chuki ya kabila au utaifa, hifadhi ushahidi kabla ya kufuta chochote: piga picha za skrini zinazoonyesha namba na saa, na hamisha mazungumzo yote kama faili. Kisha mwathirika aende kituo cha polisi, na kama anaweza apate ushauri wa mwanasheria au wa kituo cha msaada wa sheria. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Kenya ina sheria yake ya matumizi mabaya ya kompyuta na makosa ya mtandao ya mwaka 2018. Zote zina vifungu kuhusu unyanyasaji wa mtandaoni, na mwanasheria ndiye atakayesema kama lenu linaingia humo. Tuhuma kwamba fulani anafanya kazi bila leseni nayo isijadiliwe kundini. Anayeamini hivyo apeleke kwa mamlaka ya udhibiti wa nishati, yaani EWURA upande wa Tanzania au EPRA upande wa Kenya, kwa sababu hao ndio wanaotoa leseni na wana namna ya kuthibitisha. Na swali la kiufundi likiwa zito kuliko picha za simu, kwa mfano nyumba imeshaanza kunuka moshi au mtu amepigwa shoti, jibu la kwanza la kundi liwe kuzima swichi kuu kama inafikika kwa usalama na kumwita fundi mwenye leseni aliye karibu afike mwenyewe.

La mwisho ni lako wewe. Mtu mmoja hawezi kulinda mjadala wa watu mia tatu usiku na mchana na bado akafanya kazi yake. Tafuta wasimamizi wengine wawili, mmoja awe wa upande wa Kenya, na mmoja awe mwanamke ikiwezekana. Wasiwe marafiki zako tu. Kubalianeni nani anaangalia saa zipi, hasa kuanzia saa mbili usiku watu wanapotoka kazini, na mkubaliane kwamba yeyote kati yenu anaweza kufunga kundi hadi asubuhi bila kuwauliza wengine. Akifunga, wenzake wamuunge mkono mbele ya wanachama hata kama hawakukubaliana naye, kisha wamwambie yao pembeni.